UZI: Maua ya kunukia huku kwetu nyanda za juu, kabla hujauliza ua gani uliza upepo unatokea wapi

#1 Mleta uzi, Mbeya

Ugonile wana Mbeya, kamwene wana Iringa na Njombe, na wengine wote habari za mvua.

Nimeamua kufungua uzi mana nimechoka kujibu inboksi moja moja. Juzi niliweka picha ya baraza langu la nyuma, watu wakaanza, dada hayo maua yananukia kweli au ni picha tu, na miche umetoa wapi, na sh ngapi. Yananukia. Ila imenichukua miaka minne na hela nyingi za kijinga, kwaiyo naandika kirefu, mwenye haraka apite.

Nyumba yetu ipo huku Isanga kwenye mwinuko, mlima uko nyuma yetu, mji uko chini. Tulipohamia nikapanda kama mtaa mzima ulivyopanda: haidrenjia ukutani, dalia mbele, bogenvilia getini, kana pembeni ya karo. Kwa macho safi kabisa, wapita njia walikuwa wanasimama. Akaja mama mkwe kutoka Tanga, akakaa barazani na chai yake, kaangalia kushoto, kaangalia kulia, akasema "bustani nzuri mwanangu, lakini mbona bubu?"

Nilicheka ila iliniuma. Na alikuwa anasema kweli, ukipiga hesabu mimea yote niliyoitaja hapo juu hamna hata mmoja unaonukia. Mtu wa pwani kazoea asumini dirishani na kikuba kichwani, sisi huku tunapanda rangi. Tuna baridi nzuri, tuna udongo wa volkano, tuna mvua miezi sita, alafu bustani zetu ni za kuangalia kama televisheni iliyozimwa sauti.

Basi nikaanza. Kosa la kwanza, nikamuomba mama vijiti vya asumini kutoka kwake Tanga, vikaja na basi vimefungwa kwenye gunia lililolowa, nikapanda getini kwenye upepo. Vikashika, vikatoa majani, mwezi wa saba vikawa vyeusi vyote. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Nilinunua mche wa malkia wa usiku, kile kichaka cha vimaua vyembamba vya kijani vinavyofunguka gizani, muuzaji akaniambia panda dirishani kwa chumba cha kulala mtalala kama mpo peponi. Nikapanda, kikakua haraka, siku kilipochanua mume wangu alihamia sebuleni na blanketi. Kichwa kinamuuma, macho yanamwasha. Usiku wa tatu akasema chagua, mimi au hicho kichaka. Nikahamisha kichaka.

Na ndo kukihamisha kukanifundisha. Nilikipeleka mbali, kule juu karibu na uzio wa nyuma, kama hatua ishirini na tano kutoka barazani, nikijua nimekitupa. Ile jioni kilipochanua tena harufu ikaja yenyewe barazani, laini, inakuja inapotea inakuja. Watu wanaokaa milimani mnajua hili hata kama hamjawahi kulifikiria: jua likizama hewa ya mlimani inapoa inakuwa nzito inateremka. Kila jioni isiyo na dhoruba, kuanzia kama saa kumi na mbili, hewa inashuka kutoka mlimani kupita kwenye nyumba yangu kuelekea mjini. Kumbe miaka yote nilikuwa napanda maua mbele ya nyumba, upande wa chini, nawanukishia majirani.

Kwaiyo kipimo changu ni hiki. Kabla hujanunua mche wowote chukua dawa ya mbu ile ya kuwasha au kipande cha udi, kaa pale unapopenda kukaa, saa ile unayopenda kukaa, washa. Angalia moshi unaelekea wapi. Fanya siku tatu nne. Kule moshi unakotokea ndo pa kupanda. Hamna kitaalamu hapo ni moshi tu.

La pili ni saa. Mimi natoka nyumbani saa moja asubuhi narudi saa kumi na moja au kumi na mbili. Sasa waridi harufu yake nzuri ni asubuhi jua likianza kuchoma, mpaka mchana. Nanukiwa saa ngapi? Waliofaidi ni dada wa kazi na kuku. Mtu wa ratiba kama yangu anahitaji maua ya jioni, na hayo yana tabia yao, mengi ni meupe au yamepauka, mana hayamtaki nyuki yanamtaka nondo, na nondo anatembea gizani anafuata harufu na weupe.

Mimi nilionao saivi: ua la saa kumi, kile kichaka kifupi cha maua ya pinki, njano na meupe kinachofunguka jioni na kufunga asubuhi, mbegu nyeusi kama pilipili manga. Watu wanakidharau mana kinajiotea chenyewe mpaka kwenye mitaro. Panda kimoja pembeni ya ngazi utaniambia. Alafu tuberosi, natumbukiza vitunguu vyake ardhini mvua zikikaribia, Februari na Machi vinatoa bua refu la maua meupe, bua mbili tu zinatosha baraza zima. Na malkia wa usiku wangu kule juu uhamishoni.

Na kwanini naandika saivi Machi: huu ndo mwezi wenyewe. Mvua zimeanza kupungua ukali, hewa bado ina unyevu, jioni bado pana kajoto, na harufu inataka vitu hivyo viwili, joto kidogo na unyevu. Ikinyesha mvua kubwa inaosha kila kitu, likija jua kali kavu la Oktoba harufu inakufa mapema, ikifika Juni baridi inafunga ua hata kama limechanua. Alafu mche ukiupanda sasa unapata wiki sita hadi nane za mvua kushika mizizi kabla ya ukame. Ukisubiri Mei utakuwa mtu wa ndoo.

Karibuni, mwenye uzoefu aongeze.

#2 Mchangiaji, Iringa

Mleta uzi umeandika kama unaongea. Mimi nipo Kihesa, huku kwetu pakavu kuliko Mbeya, upepo ndo balaa. Kuanzia Mei mpaka Oktoba upepo wa kusini mashariki unapiga siku nzima, hiyo habari ya harufu kushuka polepole huku utaisikia jioni chache. Nilichofanya nimezungushia ua wa rozimari upande huo wa upepo, kimo cha kiuno, nyuma yake nikaweka lavenda mstari mmoja kando ya kinjia cha kwenda chooni cha nje (usicheke, ndo njia inayopitwa kuliko zote).

Siri ya hii mimea ya majani ya kunukia ni kwamba huna haja ya kusubiri ichanue. Harufu ipo kwenye jani, unapita sketi inagusa, inatoka. Kwaiyo usipande mbali, panda pale nguo na mikono vinapopita. Ule mjeraniamu wa majani yenye harufu ya limau nao ni hivyo hivyo, ukiuweka mbali ni jani tu kama bamia, ukiuweka mlangoni kila anayeingia anauvuta jani.

Udongo wa lavenda nichanganye niseme mana watu wengi inawafia: haitaki samadi nyingi. Mimi naweka mchanga wa mto nusu, udongo nusu, na majivu kidogo ya jikoni mara moja moja, napanda juu ya tuta. Inakufa kwa kupendwa sana.

#3 Mchangiaji, Mbeya

"chagua mimi au hicho kichaka" 😂😂 shemeji alikuwa na bahati haukuchagua kichaka

#4 Mchangiaji, Tukuyu

Huyo wa Iringa anawadanganya watu wa Rungwe bila kujua. Lavenda Tukuyu ni kutupa hela. Huku mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, mwezi wa nne nguo zinaota ukungu kabatini, lavenda itapona wapi. Nimejaribu mara tatu, mara zote imeoza kuanzia chini.

Huku panda gadenia. Angalia mashamba ya chai yalivyostawi, chai inapenda udongo wenye tindikali na gadenia hivyo hivyo, kwaiyo ukiona chai inakubali usiulize mara mbili. Ninayo miwili pembeni ya veranda, ua jeupe zito kama limetengenezwa kwa siagi, likizeeka linakuwa manjano na bado linanukia. Majani yakianza kupauka mishipa ikabaki kijani ujue udongo umekataa, usimwagie majivu utaumaliza kabisa, weka majani ya chai yaliyotumika na mboji.

Waridi huku linapata madoadoa meusi kwenye majani kila masika. Dawa yangu ni kulipanda mbali na ukuta lipate hewa na kumwagilia chini sio juu ya majani, alafu majani yaliyoanguka nayaokota nachoma. Siyo kwamba yanaisha, yanapungua.

#5 Mchangiaji, Songwe

Samahani wakuu, hakuna anayesema ukweli hapa. Maua ya kunukia usiku yanaleta NYOKA. Bibi yangu alikata asumini yote kwa sababu hiyo. Mleta uzi una watoto kweli?

#6 Mleta uzi

@5 ninao wawili. Nimesikia hiyo tangu nipo mdogo. Nyoka hafuati harufu ya ua, ana shida gani nalo, hali maua. Anafuata panya na chura, na anapenda pa kujificha. Sasa asumini iliyoachwa ikatambaa mpaka chini ikawa msitu, panya wakazaa ndani, lazima atakuja, na angekuja hata ingekuwa magimbi. Mimi malkia wa usiku naupunguza matawi ya chini yote mpaka usawa wa goti, chini nafagia. Miaka miwili sijaona hata ngozi yake.

Bibi yako hakukosea kukata kichaka, alikosea mshitakiwa tu.

#7 Mchangiaji, Njombe

Nyie wa Mbeya na Tukuyu mnaongea kama watu wa pwani 😄 Njooni Njombe mwezi wa sita na saba. Huku asubuhi unakuta barafu nyeupe kwenye majani, ile sakitu, mpaka viazi vinaungua. Kila kitu laini kinaondoka.

Ila na mimi nilijifunza kwa kupoteza. Kiwanja changu kina bonde kidogo upande wa chini, pakionekana pamejificha na upepo nikapanda franjipani na mche mmoja wa mlimau huko. Kumbe hiyo hewa baridi aliyoisema mleta uzi ikishuka ikifika bondeni inatuama kama maji. Juu kwenye mwinuko mimea ikapona, huko nilikodhani pana kinga vikaungua vyote. Kwaiyo ule mteremko unaokuletea harufu Machi ndo huohuo unaokuletea barafu Julai, usipande kitu laini pale unapoishia.

Jingine, sisi tuko kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini. Ukuta unaoangalia kaskazini ndo unaokula jua wakati wa baridi, unahifadhi joto mpaka usiku. Mlimau wangu wa pili nimeuegesha hapo, una miaka mitano, ukichanua jikoni hapakaliki kwa harufu. Ukuta wa kusini huo wakati una ukungu wa kijani.

Na kwa wanaouliza baridi yote tukae bubu? Hapana. Panda switipii. Ile ya kutambaa, maua kama vipepeo, hiyo ndo inapenda baridi, joto ndo linaiua. Loweka mbegu usiku kucha, sia mwisho wa Machi au Aprili, wekea nyuzi ipande, Juni mpaka Agosti unachuma. Na uchume kweli kila siku ya pili, ukiacha ikatoa mbegu inaona kazi imeisha inaacha kuchanua. Watoto wasile hizo mbegu zinafanana na njegere ila ni sumu.

#8 Mleta uzi

@7 hiyo ya ukuta wa kaskazini mbona hukuniambia miaka mitatu iliyopita jamani. Asumini yangu ilikufa kwenye ukuta wa kusini, tena getini penye upepo. Nikisoma hapa naona niliiua kwa mikono yangu.

#9 Mchangiaji, Mbeya

Wakuu mimi naomba kuuliza, kuna jamaa anauza yale maua ya Kitulo, anayang'oa na kiazi chake, okidi za rangi rangi. Zinanukia? Anauza bei poa sana.

#10 Mchangiaji, Makete

@9 usinunue. Mimi nimezaliwa huku. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kung'oa kitu mule ni kosa, na okidi zote duniani zipo kwenye ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Miaka mingi viazi vyake vimechimbwa kwa magunia vikavushwa Zambia kule wanapikia chikanda, chakula chao cha viazi vya okidi, zimepungua sana. Mnasema bustani ya Mungu alafu mnaihamishia kwenye kopo la rangi.

Tena hata ukiiweka sheria pembeni hutafaidi. Zile ni okidi za ardhini, zinaishi na kuvu maalumu kwenye udongo wao, kule juu mita kama 2,600. Ukiileta Mwanjelwa hapo Mbeya mjini inachanua mara hiyo moja kwa akiba ya kiazi, mwaka unaofuata hamna kitu. Na nyingi zake ni za macho, ukiinusa utasikia majani tu. Panda gari uje Desemba mpaka Machi uzione zilipo, upige picha, urudi ukapande ua lako la saa kumi.

#11 Mchangiaji, Mbozi

Nashangaa tuko Nyanda za Juu Kusini na uzi umefika hapa hakuna aliyetaja KAHAWA. Aliyewahi kuamka Mbozi siku kahawa imechanua anajua. Baada ya ukavu mrefu inakuja mvua ile ya kwanza, siku nane tisa hivi, unaamka asubuhi shamba zima jeupe, na harufu ni kama asumini kabisa, unaweza kulia. Shida yake siku mbili tatu imekwisha. Ila mimi nina miti mitatu ya kahawa karibu na dirisha la sebule na siioni kama mazao, ni saa yangu ya mwaka. Mti wa kahawa ni mzuri hata usipochanua, jani linang'aa, unavumilia kivuli, na ukikatwa kimo unatii.

Siyo lazima kila kitu kinukie mwaka mzima.

#12 Mchangiaji, Iringa

@11 umenikumbusha nyumbani aisee

#13 Mchangiaji, Mbeya

Sisi wapangaji tufanyeje? Nina kibaraza cha mita moja na nusu, ghorofani, Mwanjelwa, chini kuna mama anakaanga samaki. Sio utani.

#14 Mleta uzi

@13 hahaha sasa hapo unashindana na mtu wa kazi. Usijaribu kumshinda samaki kwa ua laini, atakumeza.

Kwako mimi ningeweka vitu vya majani, mrehani, mnanaa, mchaichai kwenye ndoo zile za lita 20 zilizotobolewa chini. Mnanaa upewe ndoo yake peke yake, ukiuchanganya unateka ndoo nzima. Vipange usawa wa kiti unachokaa sio chini sakafuni, mana pua yako ipo juu, watu wanapanga makopo sakafuni alafu wanalalamika hayanukii. Ukikaa unapitisha mkono tu. Alafu ndoo moja ua la saa kumi, kwenye ndoo linakaa dogo lakini linachanua, nalo linaanza kunukia muda ambao mama samaki anamalizia.

Udongo changanya na yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea kwenye maji, huku kwetu yapo tele, yaponde saizi ya mahindi. Ndoo inakuwa nyepesi na maji yanapita, mwenye nyumba hakuulizi kuhusu zege lake.

#15 Mchangiaji, Iringa

Nawasalimu wote. Mimi ni mstaafu, nipo nyumbani siku nzima, kwa hiyo nitamtetea waridi ambaye binti yangu mleta uzi amewaachia kuku.

Mnaonunua waridi siku hizi mnanunua sura. Aina nyingi za kisasa zimezalishwa kwa ajili ya kukatwa na kusafirishwa, zikae siku nyingi kwenye chombo, bua refu, ua gumu. Katika kuchagua hayo harufu iliachwa njiani. Ukienda kwa muuza miche usiangalie, nusa. Kama halijachanua usilipe. Mimi waridi langu nilikata kijiti kwenye nyumba ya zamani ya misheni miaka zaidi ya 30 iliyopita, ua la pinki lisilo na umbo maalumu, linapukutisha petali siku ya pili, mke wangu alikuwa analiita kabichi. Nimelipanda chini ya dirisha la jikoni upande wa mashariki. Saa tatu asubuhi jua likilipiga nikiwa na kikombe changu, sihitaji kingine.

Vijiti vyake vikatwe sasa, Machi hii, unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, toa majani ya chini, choma ardhini theluthi mbili kwenye kivuli chepesi. Usivitingishe kuangalia kama vimeota mizizi. Vijana wengi wanaviua kwa kuviangalia.

#16 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Nimekubali, nitaweka moja kwa ajili ya Jumamosi na Jumapili. Na nimecheka hiyo ya kuviangalia, nina vijiti vya gadenia nje hapo nimevivuta jana 🙈

#17 Mchangiaji, Mafinga

Mimi nina swali la ratiba. Nafuata video za bustani za Ulaya, wanasema mwisho wa majira ya joto, Agosti, panda hiki panda kile kijaze bustani harufu. Nilipanda Agosti mwaka jana vikakauka vyote. Na pakiti za mbegu nazo zimeandikwa miezi.

#18 Mchangiaji, Njombe

@17 Agosti yao sio yako. Wao Agosti ndo joto linaisha, wewe Agosti ni ukame na upepo, mvua bado miezi mitatu. Mwezi wao wa nane wewe usome Februari, wa tisa usome Machi, yani ongeza miezi sita kwenye kila kitu. Na hata hapo kumbuka wao baada ya hapo inakuja baridi yenye mvua, wewe inakuja baridi kavu, kwaiyo kinachokuua sio baridi peke yake ni kiu. Weka nyasi kavu au maganda ya mpunga kwenye shina kabla mvua hazijakata.

#19 Mchangiaji, Tukuyu

Naona hakuna aliyegusa tarumbeta. Ule mti wa maua makubwa yananing'inia kichwa chini, meupe au ya rangi ya parachichi lililoiva la ndani, Tukuyu upo kila ua. Jioni unanukia kuliko vyote mlivyotaja.

#20 Mchangiaji, Mbeya

@19 unanukia kweli ila kila sehemu yake ni sumu, jani, ua, mbegu. Ukiwa na mtoto wa umri wa kutia kila kitu mdomoni achana nao. Na ukiukata matawi usijisugue macho, mwanangu wa kiume alijisugua jicho moja mboni ikabaki imepanuka siku nzima, tulikimbia zahanati tukidhani kapofuka. Kinywaji chochote cha "kienyeji" cha ua hilo usikubali, watu wanachanganyikiwa mpaka kufa.

Sisemi ukateni. Wangu bado upo ila nimeuweka nje ya uzio wa ndani, kule juu ya baraza kama alivyosema mleta uzi, harufu inafika mtoto hafiki.

#21 Mleta uzi

@20 pole sana kwa hilo. Na malkia wa usiku naye matunda yake meupe sio ya kula, nilisahau kuandika. Ua la saa kumi mbegu na mizizi nayo hivyo hivyo.

Jambo lingine nimelikumbuka kwa sababu ya orodha inavyorefuka hapa. Msipande vyote. Mwaka wa pili nilikuwa na gadenia, tuberosi, malkia wa usiku na mlimau vyote mkabala na baraza moja, vikachanua wiki moja, ilikuwa kama umekaa kwenye duka la manukato ambalo limepinduka. Mgeni alinywa soda nusu akaaga. Saivi kila sehemu ya kukaa ina kimoja cha kutawala, vingine ni vya majani ambavyo vinanyamaza mpaka viguswe. Mlangoni mjeraniamu. Ngazi ua la saa kumi. Barazani tuberosi mbili, na yule wa uhamishoni akiamua kushuka ni siku chache kwa mwaka.

Haidrenjia sijang'oa. Ukuta wa kusini hamna kingine kinachokubali, na udongo wangu unazitoa bluu, mama mkwe mwenyewe amezipenda. Mwezi uliopita alikuja tena, akakaa kile kiti kile, tukawa tunaongea habari za harusi ya wifi, katikati ya maneno akanyamaza akageuza kichwa juu mlimani. Akauliza "ni nini hicho?" Sikumjibu, nilimwongezea chai.

#22 Mchangiaji, Mbeya

Dada mie nataka mbegu za hilo la saa kumi na kijiti cha huyo wa uhamishoni. Nalipia.

#23 Mleta uzi

@22 mbegu ni bure zimejaa kwenye ngazi hapa nazifagia. Kijiti njoo Jumamosi saa kumi na moja jioni uje na gazeti na mfuko, nitakilowesha. Kabla hujaja washa moshi kwako siku mbili tatu, nikikuuliza unapanda wapi uwe na jibu.

#24 Mchangiaji, Mbeya

Nimewasha leo. Moshi umeingia wote kwa jirani 😂

#25 Mleta uzi

@24 basi kijiti mpe jirani akipande kwake upande wa juu, nawe ukae hapo hapo ulipo.